Vilainishi vya mpira viuzwe kwa maelezo

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wauzaji wa vipuri wa Kariakoo na Gerezani kwamba kilainishi cha kupachikia mipira ya milango ya gari hakifai kuuzwa bila kueleza kilichomo. Silikoni, kemikali ya utelezi iliyomo katika baadhi ya vilainishi hivi, hata ikibaki kidogo tu kwenye kitambaa au mikononi mwa fundi, huifanya rangi mpya ijitenge na kuacha vishimo, na kupiga msasa huweza kuisambaza badala ya kuiondoa. Grisi ya kawaida nayo huvimbisha mpira wa asili. Vipo vilainishi vya maji visivyo na silikoni, ambavyo hukauka baada ya kupachika na kuuacha mpira ushike barabara. Waagizaji (nasi wanunuzi tuzoee kuuliza) wadai tamko la maandishi la mtengenezaji kuhusu silikoni, na muuzaji alionyeshe dukani.

Fundi wa rangi,
Ilala, Dar es Salaam