Springi kwanza, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeacha kazi ya mshahara ufungue karakana ya visanduku vya muziki. Hilo silirudii, ila ungeniambia kabla ya kuacha, si baada. Kinachoninyima usingizi ni springi.

Kabla hujagusa gavana, kile kidhibiti mwendo chenye feni ndogo, legeza springi mpaka iishe nguvu. Hata mteja akikuapia kwamba haijajazwa. Ukiitoa ile feni ndogo springi ikiwa imebana, silinda inakimbia bila breki, na kufumba na kufumbua maelfu ya vijipini yamepinda na meno ya chanuo, yale yanayotoa sauti, yamekatika. Tangu Antoine Favre wa Geneva aonyeshe mwaka 1796 kwamba meno ya chuma yanaimba, mafundi wangapi wamelia juu ya kosa hilo? Na kisanduku cha mteja si cha kujifunzia.

Mkono wako nauamini. Ulipokuta mivukuto ya ile piano ya kujipiga yenyewe imebandikwa kwa gundi nyeupe, isiyobanduka mpaka ichune mbao, uliniandikia kurasa mbili za hasira. Ninazo. Shikilia gundi itokanayo na ngozi ya wanyama, atakayekuja baada yako aweze kufungua.

Bei itaje mapema. Unaona haya kudai pesa, na haya hizo umezitoa kwangu. Hesabu meno yaliyovunjika mteja akiwa hapo hapo, uandike, atie sahihi. Vile vipande vya madini ya risasi chini ya meno ya sauti nzito vikiota unga mweupe, vaa barakoa, usivipulize kwa mdomo kama ulivyozoea.

Lakini springi kwanza, nakuomba. Kile kisanduku cha bibi yako, ulichochapiwa ukiwa na miaka tisa: usiku ule ulikuwa umelala. Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu. Kililia kama shanga zinazomwagika sakafuni, kisha kimya. Asubuhi walipokuuliza, nilikuwa nimesimama mlangoni.

Dada yako amepata miwani mipya. Bomba la jikoni linavuja tena, fundi ameahidi Jumamosi. Shangazi yako anataka uitazame cherehani yake ukija; nimemwambia asubiri.

Uliwahi kusema jino la zamani humsaidia fundi kukata jipya. Yale manne yamo kwenye kopo la vifungo, juu ya kabati. Sikutupa hata moja.

Baba yako