Muziki wa skuli usirudishwe stoo tamasha likiisha

Mhariri,

Muhula wa pili ukishakolea, skuli zetu za Lamu huchangamka. Watoto hubaki jioni kufanya mazoezi, kwaya hupangwa kwa sauti, na mwalimu wa Kiswahili ambaye hakusomea muziki hujikuta akizunguka mitaani kutafuta mpiga zumari wa kuazima. Timu huenda ngazi ya kaunti, yenye bahati hufika ngazi ya Pwani, kisha hurudi nyumbani. Ngoma huwekwa stoo hadi mwaka ujao.

Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu 1927, nami sina ugomvi nalo. Tatizo ni kwamba tumelizoea hata tukadhani ndilo elimu ya muziki yenyewe. Wanaoingia kwenye timu ni watoto thelathini au arobaini walioteuliwa kwa sauti nzuri. Waliobaki, hata wale mia nne wa skuli moja, huishia kuwapigia makofi.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani, wakiongozwa na Nina Kraus, walieleza walichokiona kwa watoto wa mitaa ya kipato cha chini ya Los Angeles waliokuwa wakifunzwa muziki bila malipo. Walipima jinsi ubongo wa mtoto unavyotenganisha sauti zinazokaribiana, kama “ba” na “ga”, uwezo ambao humsaidia mtoto anapojifunza kusoma. Baada ya mwaka mmoja hawakuona mabadiliko. Baada ya miaka miwili wakayaona. Mkuu wa skuli anayeita kwaya majuma sita kabla ya mashindano na aitafakari hiyo miaka miwili.

Sidai kwamba tari litampandisha mtoto alama za hesabu. Wapo wanaodai hivyo, na huwa wanaharibu hoja nzuri. Lakini huko huko Marekani, mjini Houston, skuli 42 zilipigiwa kura ya bahati kuamua zipi zipate programu za sanaa, muziki ukiwamo, na zipi zisubiri. Katika skuli zilizopata, makosa ya nidhamu yalipungua kwa pointi 3.6 za asilimia na alama za uandishi zikapanda. Mwalimu yeyote aliyewahi kukaa na madarasa ya mwisho siku ya Ijumaa mchana atakwambia kupungua huko kuna thamani gani.

Kwetu sisi ipo faida nyingine ambayo Houston hawawezi kuwa nayo. Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne anaogopa nini katika karatasi ya tatu ya Kiswahili. Wengi watakwambia ushairi. Utawaona wakihesabu mizani kwa vidole: nane, nane, hapa saba, mbona? Washairi wa Amu, yaani Lamu yetu hii, hawakutunga ili wasomwe kimyakimya kwa macho. Mashairi yalighaniwa, tenzi zilikuwa na mahadhi yake, na mshororo uliopungukiwa mizani ulijulikana papo hapo kwa sababu sauti ilikwama. Mtoto aliyeimba kasida, yaani nyimbo za dini, kwenye chuo cha Kurani tangu ana miaka sita anayo hiyo mizani masikioni. Akija skulini tunamfundisha upya kwa chaki, kana kwamba hajapata kuisikia. Mwalimu wa fasihi na mwalimu wa kasida wangekaa chumba kimoja kipindi kimoja tu kwa juma, nusu ya hofu hiyo ingeondoka.

Nije kwenye fedha, maana ndiko wakuu wa skuli hukimbilia. Majimbo kama California na Texas huzigawia wilaya zao za elimu fedha kwa kuangalia wastani wa watoto wanaohudhuria kila siku. Mtoto anayeamka mapema kwa sababu ana mazoezi ya bendi anaiingizia wilaya pesa. Na mwalimu wa bendi anaweza kushika watoto sitini kwa kipindi kimoja. Ukimwondoa ili kubana matumizi, sitini hao watahitaji madarasa mawili na walimu wawili. Huku kwetu fedha humfuata mwanafunzi aliyesajiliwa: shilingi 22,244 kwa mwaka kwa wa sekondari, hata kama hazifiki zote wala kwa wakati. Mzazi akimhamishia mwanawe Mombasa au Malindi kwa kuona kule skuli zina uhai zaidi, fedha hizo nazo huvuka maji.

Tena tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wamegawanywa katika mikondo mitatu, na mmoja ni wa sanaa na michezo. Mtoto wa Faza au Kizingitini ambaye hajapata kufundishwa muziki kwa mpango atauchaguaje? Zein l'Abdin, bingwa wa udi aliyefariki 2016, alizaliwa papa hapa Lamu. Kijana anayetaka kushika udi leo hajui abishe hodi wapi.

Najua wapo wazazi watakaosema muziki skulini ni haramu, na si wachache. Wana haki ya kusikilizwa. Ila tukumbuke kwamba hata matari ya maulidi ya Habib Swaleh yalipata wapinzani mjini humu, na leo ndiyo yanayowaleta wageni msikiti wa Riyadha kila mwaka. Mzazi asiyetaka ala, mwanawe aimbe kwa sauti tupu. Mwenye kuridhia tari, apige tari. Mtoto wa Mpeketoni au Hindi naye aje na ngoma za kwao, na wenzake wa kisiwani wazijue. Sioni kwa nini jambo linalopangika hivi litushinde.

Kinachotushinda ni kila ofisi kuisukumia nyingine. Kaunti husema skuli za msingi na sekondari ni za serikali kuu, nayo ni kweli. Katiba imeiachia kaunti chekechea na vyuo vya ufundi. Lakini Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limeipa kaunti shughuli za utamaduni. Idara ya utamaduni haikatazwi kumlipa fundi wa zumari, wa chapuo au wa kasida posho ya kupita skulini mara moja kwa juma, mwaka mzima. Kila Novemba tunaona fedha zikitoka kwa ajili ya tamasha la utamaduni, mashindano ya punda na majahazi yakiwamo. Sehemu ya fedha hizo ielekezwe huko.

Kwa wakuu wa skuli ombi langu ni dogo zaidi: ratiba ya muhula ujao ionyeshe kipindi cha muziki kwa jina, na kipindi hicho kisichukuliwe na marudio ya hesabu. Kwa idara ya utamaduni: tangazeni katika bajeti ijayo ni mafundi wangapi mtawalipa na katika skuli zipi, za Lamu Mashariki zikiwa za kwanza, kwa kuwa timu zao hulipia boti kabla hazijafikiria nauli ya basi.

Mzazi na mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu