Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani: mkaguzi wa wakandarasi apewe meno

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Afrika Mashariki kwa sababu mikataba ya wizara yako hugusa maisha ya watu wa huku. Maelfu ya Waganda walishika bunduki kwenye malango ya kambi za Marekani nchini Iraki, wakiwa wameajiriwa na kampuni binafsi zenye mikataba hiyo, kupitia mawakala wa nyumbani. Kampuni zilipozidi kushindana kwa bei ya chini, mshahara wa mlinzi ulizidi kupungua.

Mwaka 2008 Bunge lenu liliunda tume kuchunguza mikataba ya Iraki na Afghanistan. Ripoti yake ya mwisho, ya Agosti 2011, ilikadiria kuwa dola bilioni 31 hadi 60 zilipotea kwa ubadhirifu na udanganyifu. Fedha hizo zinauma, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi ya kukagua iliachiwa watu wasio na muda wala uwezo wa kuifanya.

Kwenye karatasi, mkaguzi yupo: mwakilishi wa afisa wa mikataba. Kambini, mara nyingi amekuwa askari aliyeongezewa jukumu hilo juu ya kazi zake za kila siku, baada ya mafunzo mafupi. Anatakiwa athibitishe kuwa jenereta zimefanyiwa matengenezo, jiko ni safi, nyaya ziko salama, naye si fundi umeme wala mtu wa afya. Akianza kuuelewa mkataba, muda wake umekwisha, anarudishwa nyumbani na mgeni mwingine anaanza alifu kwa ujiti. Meneja wa kampuni anayekaguliwa amebaki palepale, na kila faili analijua. Hapo nani anamsimamia nani?

Januari 2008, askari wenu aliuawa na umeme akioga kambini Baghdad. Pampu ya maji haikuwa na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Ukaguzi wa ndani wa wizara yako ulikuta kasoro kwa mkandarasi na kwa jeshi pia. Fundi mmoja mwenye kipimo na mamlaka ya kufunga bafu lile angetosha.

Tazama pia gereza la Abu Ghraib nchini Iraki. Wahoji wa kampuni ya CACI walifika gerezani humo kwa mkataba wa huduma za teknolojia ya habari, uliosimamiwa na wizara inayoshughulikia ardhi na hifadhi za taifa! Wairaki watatu walioteswa humo wakapata hukumu ya fidia ya dola milioni 42 dhidi ya kampuni hiyo mnamo Novemba 2024, takriban miaka 20 baadaye. Mahakama ni muhimu, ila mtu hawezi kusubiri miaka 20 ndipo aulizwe nani alikuwa msimamizi.

Naomba kazi ya ukaguzi iwe ajira kamili ya wataalamu, na anayeondoka amkabidhi anayeingia wakiwa wote wawili kambini. Mkaguzi awe na uwezo wa kuzuia malipo. Kabla ankara ya mkandarasi mkuu haijalipwa, aone uthibitisho kwamba wafanyakazi wa kampuni zilizo chini yake wamelipwa kile kilichoandikwa kwenye mkataba waliosaini kabla ya kusafiri, na kwamba pasipoti zao wanazo wenyewe. Kumtoza mfanyakazi ada ya kupata kazi na kumnyang'anya hati zake kumeshapigwa marufuku na kanuni zenu. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kwenye mabweni yao kuwauliza, bila msimamizi wao kusikiliza.

Tena kuna sheria yenu ya bima ya mwaka 1941, inayowahusu hata raia wa kigeni wanaoumia au kufa kwenye mikataba hii. Mjane aliyeko kijijini Uganda ataijuaje, ikiwa mumewe hakuelezwa kwa lugha anayoielewa? Amri ya kuieleza kwa kila mfanyakazi, siku anayosaini, unaweza kuitoa wewe mwenyewe. Tunasubiri jibu lako.