Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, walimu, wazazi na wahitimu, itifaki imezingatiwa.

Pole kwa kona 57 za kutoka Chimala. Wapo tuliowaalika wakaishia huko chini. Wewe umefika, tunakushukuru sana.

Klabu ilianza miaka sita iliyopita ikiwa na wanachama tisa, leo tuko 41. Mafanikio ni makubwa, yakiwemo vibao viwili vya kukataza uchimbaji wa okidi. Kimoja bado kimesimama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Kitulo, Bustani ya Mungu, ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea yake. Okidi za ardhini pekee ni aina 45. Juni hadi Agosti baridi kali na sakitu huunguza nyasi, nawe ungeapa okidi zimekufa. Hazijafa. Kila moja imejificha chini kwenye kiazi: cha zamani kinanyauka kikilisha ua, kipya kinajazwa pembeni kwa ajili ya mwaka ujao. Mchimba chikanda, yaani viazi vya okidi vya kuliwa, akikichukua hicho kipya, mmea umekwisha. Mbegu zake nazo ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula. Zisipokutana na kuvu wa kuzilisha udongoni, hazioti.

Haya tunawafundisha wadogo zetu wa shule za msingi kwa michoro, maana okidi hatuchumi. Tunazichora kwa rangi zikiwa shambani, na majani ya mimea ya kawaida ya kijijini tunayakausha kati ya magazeti. Vyote vinakaa katika stoo moja, na hapo ndipo lilipo ombi letu.

Stoo inavuja. Maua ya Kitulo huchanua kuanzia Novemba, mvua nazo huanza Novemba. Yaani kazi yetu inapokuwa nyingi ndipo paa linapotusaliti. Mwaka jana michoro 63 ililowa, rangi zikachanganyika hadi okidi ya njano ikawa ya kijani. Majani yaliota ukungu. Mwalimu wetu wa Biolojia alisema ukungu nao ni somo, lakini hatukucheka.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi, tunamheshimu sana, aliahidi mabati. Wa mwaka jana aliahidi kumkumbusha wa mwaka juzi. Fundi alishapima mara zote mbili, nasi tukamlipa nauli mara zote mbili.

Tunahitaji mabati 28, mbao za kenchi, misumari na gata moja. Mchanga tumeshasomba wenyewe, na wazazi watatoa nguvukazi. Hatuombi jengo jipya wala kompyuta. Tungefurahi mabati yakifika kabla ya Novemba, na kwa heshima zote, tungefurahi zaidi kuelezwa leo, mbele ya wazazi, yatafika tarehe ngapi.

Fundi yupo, amekaa mstari wa tatu, na vipimo anavyo mfukoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa Klabu