Mini yenye injini ya pikipiki: kazi iko kwenye nyaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mini ya zamani, kile kigari kidogo cha Kiingereza, iliyovalishwa injini ya pikipiki inapoonyeshwa, kinachosifiwa ni chuma: fremu iliyolehemiwa, mnyororo, rejeta mpya. Nyaya hazionekani, basi hazisifiwi. Lakini kazi hizi zikikwama, mara nyingi hukwama hapo, na kosa lile lile hurudiwa: fundi anakata nyaya za gari na za pikipiki kwanza, kisha anaanza kuwaza namna ya kuziunganisha.

Mifumo hii miwili iachwe mizima. Nyaya za Mini ziendelee na taa, honi, waipa na indiketa. Za pikipiki ziendeshe injini peke yake. Zikutane sehemu chache tu: chanya ya betri kupitia fyuzi kuu, hasi, waya wa funguo na waya wa stata.

Kabla ya hapo, angalia bodi. Mini zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1969 zilifungwa upande wa chanya wa betri kwenye bodi. Pikipiki hufunga hasi. Ukisahau kugeuza betri, rektifaya (kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa chaji) inakufa papo hapo na pengine inaondoka na kompyuta. Kugeuza si kazi kubwa, kwa sababu dinamo na koili ya zamani zinatoka hata hivyo. Redio na kipimo cha umeme cha mizunguko ya injini ndivyo vya kuchunga.

Injini nayo nunua na nyaya zake zote, kompyuta, swichi na funguo. Injini tupu ya bei rahisi ni mtego, maana pikipiki nyingi za miaka ya 2000 zina kinga ya wizi inayotambua funguo yake tu. Baadhi ya Suzuki GSX-R zina kizuizi cha umeme (rezista) cha ohmu 100 kilichofichwa ndani ya swichi. Ukiunga moja kwa moja, stata inazunguka na moto wa plagi hautoki. Anayeanza angetafuta Yamaha R1 ya 1998 hadi 2001, yenye kabureta. Kuanzia 2002 R1 ilihamia kwenye nozeli, zinazopuliza petroli kwa amri ya kompyuta, na nyaya ziliongezeka.

Kwenye Mini waya mweupe hupata umeme funguo ikifunguliwa. Usiulazimishe kubeba mzigo wa injini. Utumie kuamsha rilei tu (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo), na rilei ndiyo ichukue umeme wa betri kupitia fyuzi. Stata ina ujanja wake. Funguo ya gari hutoa chanya, ilhali kitufe cha stata kwenye Yamaha nyingi hukamilisha upande wa hasi. Kwenye Suzuki hupeleka chanya. Soma mchoro wa pikipiki husika kwanza. Ukipeleka chanya mahali palipongoja hasi, fyuzi inakatika, na hiyo ndiyo bahati nzuri.

Swichi za usalama ndizo zinazofanya injini nzima ionekane mbovu. Ya stendi ya pembeni hufunga mzunguko stendi ikiwa juu, kwa hiyo kwa kawaida nyaya zake mbili huunganishwa moja kwa moja. Ya klachi ihamishie kwenye pedeli. Ya gia huru usiiguse, utaihitaji: pikipiki haina rivasi, na wengi hufunga mota ya stata irudishe gari nyuma. Rilei ya mota hiyo ipitie swichi hii, isiweze kuwaka gari likiwa kwenye gia. Kisha kuna sensa ya kuanguka. Kwenye pikipiki nyingi, ikisimama wima hutoa kama volti 1. Ikiinama kupita nyuzi 65 hivi hufika kama volti 4, na kompyuta inazima pampu na moto. Fundi akiilaza chini ya kiti, injini itazungushwa bila kuwaka mpaka betri iishe. Wapo wanaoidanganya kwa kizuizi. Mimi siwaungi mkono: gari likipinduka, sensa hiyo ndiyo inayozima pampu ya petroli.

Suala la chaji halitaki matumaini, linataka hesabu. Pikipiki nyingi zenye injini ya lita moja huzalisha wati 300 hadi 500, tena kwenye mizunguko kama 5000 kwa dakika, si injini ikiwa saileni, yaani ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta. Injini yenyewe inakula kama 140, taa kubwa mbili 110, taa ndogo 30, feni 100, taa za breki 42, waipa 40. Jumla 462. Usiku wa mvua kwenye foleni betri inashuka ingawa hakuna kilichoharibika. Weka balbu za LED kwenye taa ndogo na za breki, tumia feni ya pikipiki, na sahau taa za ziada. Taa nyekundu ya chaji ya Mini nayo haina tena pa kushika. Weka kipimo cha volti. Mizunguko ikiwa 5000, betri isome 13.8 hadi 14.5.

Rektifaya ilizoea upepo. Ukiifungia nyuma ya kiti inajichoma, na soketi ya nyaya tatu za jenereta inayeyuka. Ifunge kwenye bamba la aluminiamu penye hewa. Na usikate betri kwa swichi injini ikiunguruma: volti huruka na kuua kompyuta.

Injini ikikaa kwenye raba haigusi bodi kiumeme. Waya wa hasi wa milimita za mraba 25 kutoka injini hadi bodi ni wa lazima. Usipouweka, umeme wa stata unatafuta njia nyingine, nayo ni kebo ya klachi au ya kukanyagia mafuta. Kebo inayotoa moshi wakati wa kuwasha ndiyo dalili. Waya wa sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta injini imefika wapi kwenye mzunguko wake, upitishe mbali na waya wa stata, la sivyo moto utakuwa unakatikakatika bila sababu ya kuonekana.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, toa fyuzi kuu, weka balbu ya wati 21 mahali pake, funguo ikiwa imefungwa. Balbu ikiwaka, kuna shoti, itafute kwanza. Isipowaka, rudisha fyuzi, fungua funguo. Kwenye injini ya nozeli sikiliza pampu: inatakiwa ivume sekunde mbili au tatu kisha inyamaze.

Fundi umeme wa magari,
Dar es Salaam