Rejeta ndiyo iliyoamua Daytona, si ujasiri wa madereva

Ndugu Mhariri,

Kila Februari, Daytona 500, mbio kubwa za magari za uwanja wa Daytona huko Marekani, inapokaribia, malalamiko hurudi yaleyale: kwamba msimu wa 2011, magari ya NASCAR, shirika linaloandaa mbio hizo, yalipokwenda mawili mawili, bampa kwa bampa, yalikuwa maelewano na si mashindano, na kwamba mbio za kweli ni zile za kundi, magari 30 na zaidi yakiwa yamebanana mistari miwili au mitatu kwa kasi ya kilomita 300 na ushei. Naomba nafasi nipinge. Wanaosema hivyo wanatazama rangi za magari, wanasahau joto la maji yanayopoza injini.

Tuanze na kundi lenyewe, kwa kuwa halikuzaliwa na ushujaa wa mtu. Talladega, uwanja mwingine mkubwa wa NASCAR, mwaka 1987, dereva Bill Elliott alifuzu kwa kasi ya maili 212.809 kwa saa, karibu kilomita 342. Wikiendi hiyohiyo gari la Bobby Allison lilipasuka tairi, likapaa na kuchana uzio mbele ya watazamaji. Kuanzia 1988 injini zote za Daytona na Talladega zikawekewa sahani ya alumini yenye matundu manne, iliyokaa kati ya kabureta na manifodi (bomba la kugawa hewa kwa silinda), kazi yake kuinyima injini hewa. Kufikia 2011, injini iliyoweza kutoa nguvu za farasi zaidi ya 800 ilibaki na takriban 450. Kona za Daytona zimeinama nyuzi 31, za Talladega 33. Kwa nguvu ndogo kiasi hicho juu ya mwinamo mkubwa kiasi hicho, dereva anakanyaga mafuta hadi chini mzunguko mzima bila kuinua mguu. Hakuna mwenye akiba mguuni. Ndiyo maana wanabanana: si kwamba wanapendana, bali hakuna anayeweza kuondoka.

Kilichobaki ni upepo. Gari la mbele linapasua hewa, nyuma yake panabaki uwazi wenye mgandamizo mdogo, na anayefuata anavutwa humo. Yeyote aliyewahi kuendesha baiskeli nyuma ya lori anajua. Wasichojua wengi ni kwamba wa mbele naye hufaidika: gari la nyuma likiziba ule uwazi, mkia wake hauvutwi tena kurudi nyuma. Kwa hiyo mstari wa magari manane unaushinda mstari wa mawili hata pasipo kugusana. Kisha kuna ujanja wa ubavuni. Unasogeza pua hadi karibu na tairi la nyuma la mwenzako, hewa inayotoka kwako inagonga spoila yake, lile bawa la nyuma, naye anapungua kasi kama aliyeshikwa shati. Madereva wa kundi hushinda au kushindwa kwa haya mawili, pamoja na sikio la kumsikiliza mwangalizi aliye juu ya jukwaa, anayewaelekeza kwa redio.

Sasa wawili wawili. Mambo mawili yalikutana. La kwanza ni lami. Lami ya Daytona ilikuwa ya 1978, na katika Daytona 500 ya 2010 ilitoboka shimo lililosimamisha mbio kwa zaidi ya saa mbili. Ikatandikwa upya mwaka huohuo. Talladega ilikuwa imeshatandikwa 2006. Kwenye lami mbovu, ukimsukuma mwenzako ndani ya kona unamzungusha. Kwenye lami laini inayoshika tairi, unaweza kumsukuma mzunguko mzima. La pili ni bampa: magari ya wakati ule yalikuwa na bampa ya mbele na ya nyuma za kimo kimoja, zikikutana kama matofali. Injini mbili zikawa zinapasua hewa kwa pua moja. Februari 2011, katika mbio za utangulizi za Daytona, jozi zilifikia maili 206 kwa saa, kilomita 331, na waandaaji wakaingiwa na hofu.

Kuungana kwenyewe kulitaka ufundi. Wa nyuma hamvamii wa mbele. Wa mbele ndiye hugusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto, mafuta akiwa ameyakanyaga vilevile, hadi bampa zikutane taratibu. Baada ya hapo wa nyuma haoni kitu ila kifuniko cha buti na spoila. Anaendesha kwa sauti ya mwangalizi na ya mwenzake redioni. Katika kona lazima asukume katikati ya bampa. Akisukuma upande wa kushoto, pua ya gari la mbele inakimbilia kulia, na kulia ndiko kwenye ukuta.

Hapa ndipo rejeta inapoingia. Gari la nyuma likiwa limebandikwa, grili yake imezibwa na mkia wa mwenzake; hewa haiingii, maji yanapanda joto. Mfumo wa maji umefungwa kwa mgandamizo ili yasichemke mapema: ukiwa na baa 2 juu ya hewa ya kawaida, maji huchemka karibu nyuzi 134 badala ya 100. Mgandamizo ukizidi, vali inafunguka na kutema maji. Hayo hayarudi. Injini iliyotema maji mara mbili tatu inakwenda kunoki. Dawa ya haraka ni wa nyuma kutoa pua pembeni kidogo ili grili ipate upepo, ila akitoa pua pembeni hasukumi tena katikati. Kinachompoza yeye ndicho kinachoweza kumpeleka mwenzake ukutani. Madereva walifanya hesabu hiyo kila baada ya mizunguko michache, macho kwenye geji ya joto. Hayo ndiyo yanayoitwa maelewano?

Dawa ya pili ni kubadilishana nafasi. Wa nyuma anachomoka pembeni, wa mbele anapunguza mwendo, wanapishana, kisha aliyetangulia sasa anagusa breki ili waungane upya. Ikifanywa vizuri, jozi inapoteza muda mdogo tu. Ikifanywa vibaya, jozi nyingine zinapita na wawili hao hawawafikii tena, kwa kuwa gari moja peke yake halina ubavu mbele ya mawili yaliyoungana.

NASCAR haikuwapigania madereva wala kuwapinga. Ilikwenda kwenye maji. Baada ya zile mbio za utangulizi, tundu la kuingiza hewa lilipunguzwa hadi inchi 2.5 kwa 20, na matundu ya sahani yakapunguzwa inchi 1/64. Jozi hazikuvunjika, zilibadilishana mara nyingi zaidi. Daytona 500 ya mwaka ule ilikuwa na mabadiliko ya uongozi 74, akashinda Trevor Bayne, aliyekuwa ametimiza miaka 20 siku moja kabla.

Wanaodai jozi ziliua ushindani watazame Talladega. Aprili 2010, mbio za kundi: uongozi ulibadilika mara 88. Aprili 2011, mbio za jozi: mara 88. Nisiwe mpenda upande mmoja. Sehemu ya zile 88 za 2011 ni wawili waliokuwa wakipishana ili wapoe, na hiyo si vita. Lakini hata katika kundi, kiongozi kutanguliwa kwa nusu bampa kwenye mstari halafu kurudi mbele sekunde mbili baadaye nako huhesabiwa. Mwisho wa mbio zile za 2011, Jimmie Johnson alimshinda Clint Bowyer kwa sekunde 0.002, huku Dale Earnhardt Jr. akimsukuma Johnson na kukubali nafasi ya nne. Hilo la kukubali nafasi ya nne ndilo linalowaudhi watu, nami nawaelewa. Ila katika kundi pia hushindi bila msukumaji. Tofauti ni kwamba humchagui, unampata kwenye kioo.

Kilichomaliza jozi ni karakana. Kwa msimu wa 2012 rejeta ilifanywa ndogo, vali ikafunguka kwa mgandamizo mdogo zaidi, spoila ikapunguzwa, springi za nyuma zikalainishwa, na madereva wakakatazwa kuongea wao kwa wao redioni. Magari mapya ya 2013 yakaja na pua na mikia ya mviringo. Katika madaraja ya chini jozi ziliendelea. Februari 2013, kwenye mzunguko wa mwisho Daytona, gari la Kyle Larson lilirushwa uzioni, injini ikang'oka na vipande vikajeruhi watazamaji. Msimu wa 2014 jozi zikapigwa marufuku huko kwa kanuni.

Wala kundi halikuacha kusukumana. Linasukumana kwa bampa zisizolingana, na hiyo ni mbaya zaidi. Mwisho wa Daytona 500 ya 2020, Ryan Newman alikuwa mbele, akaguswa nyuma na Ryan Blaney aliyekuwa akimsukuma, gari likageukia ukutani, likapinduka na kugongwa na jingine. Kwa kasi ya maili 200 gari linakwenda mita 89 kwa sekunde. Robo sekunde ya kushtuka ni mita 22, na kati ya bampa na bampa hapana hata mita moja. Ndiyo maana kosa la mmoja huwazoa kumi na tano.

Kuhusu magari ya sasa, yaliyoanza 2022 na kubanwa hadi nguvu za farasi 510 kwenye viwanja hivi, sisemi mengi. Gari ni lilelile kwa wote, kupita ni shida, basi timu zimegundua kwamba pa kupita ni kituo cha mafuta: anayejaza kidogo anatoka mapema. Kwa hiyo kundi linalosifiwa kwa ujasiri hutembea nusu mafuta kwa mizunguko mingi, mistari mitatu, hakuna anayemgusa mwenzake.

Msomaji anayetaka kuhakikisha achukue saa. Mzunguko wa Daytona ni maili 2.5. Kundi likimaliza kwa sekunde 46 au 47, wamekanyaga kweli. Likimaliza kwa 50, mnaangalia foleni ya kubana mafuta.

Msomaji wako,
Morogoro