Kurekodi majaribio ya programu: someni kabla ya kesho

Habari zenu wapendwa. Kesho tunaanza kurekodi watu wakitumia programu yetu. Ruhusa kwanza, kurekodi baadaye. Mwambie mshiriki wazi kwamba skrini na sauti yake vinarekodiwa, nani ataviona, na kwamba anaweza kusimamisha wakati wowote. Akifika kwenye nywila, simamisha kurekodi. Hilo sitaki tulibishanie.

Mwombe aseme kwa sauti anachowaza, kisha nyamaza. Najua mkono unawasha kumwonyesha kitufe kilipo, lakini ukimsaidia tumepoteza tulichokuja kutafuta. Juzi, tulipofanya rekodi ya majaribio, mama mmoja alibonyeza “Hifadhi”, akasubiri, akabonyeza tena mara mbili, akarudi nyuma kuhakikisha. Tulipomuuliza, akasema programu haina shida. Bila rekodi tungeandika jibu lake tu, na kitufe kile kisichoonyesha dalili yoyote kingebaki vilevile.

Tunaanza na watu 5. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu na tovuti, alieleza mwaka 2000 kwamba idadi hiyo hufichua matatizo mengi; tukishayarekebisha tunajaribu tena na wengine 5.

Faili zote ziwekwe kwenye folda yetu yenye nywila, zisirushwe humu kwenye kikundi.